Mama Ukungu na Asubuhi Tisa za Ziwani

Leo, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya kusimama juu ya jiwe moja, mpigapicha wa kituo chetu cha ziwa anastaafu. Alipoajiriwa tulimwita Dada Ukungu. Akazaa, akawa Mama Ukungu. Siku hizi watoto wetu wanamwita Bibi Ukungu, naye huitikia majina yote matatu bila kugeuza shingo, jicho liko kwenye kamera.

Kwa wageni mlioalikwa, kazi yake ni hii. Mbele ya jiwe lake kuna nguzo saba zilizosimikwa majini, moja nyuma ya nyingine hadi mbali. Kila siku jua linapochomoza anapiga picha moja, na linapozama anapiga nyingine, mahali palepale, upande uleule. Zikionekana nguzo zote saba, ukungu hakuna. Zikionekana mbili, nahodha na abaki kitandani. Basi, ni hivyo tu. Ila hiyo "hivyo tu" ameifanya zaidi ya mara elfu ishirini na tatu.

Mimi niliyepewa kalamu ni dereva wa kituo. Shule niliishia darasa la sita, lakini barabara nimeisoma hadi chuo kikuu. Nimelala katika miji ambayo wakubwa zangu wanaijua kwenye ramani tu. Kamati ya kumuaga imenichagua kwa sababu nachekesha. Haya, nianze kwa kuchekesha.

Siku moja mgeni mkubwa, suti kali na viatu vya kujitazamia, alipanda juu ya lile jiwe ili apigwe picha na ziwa lake. Jua lilikuwa linakaribia kuzama. Mama Ukungu alimsalimu kwa heshima zote, kisha akamweleza kwamba ziwa ni la wote, ila jiwe lile liko kazini. Mkuu wa kituo alitamani ardhi immeze. Mgeni alishuka, na manyunyu yalipoanza akamshikia mwavuli mpaka akamaliza. Nyumbani nako, mumewe, fundi seremala, hudai kwamba kwao kuna ukewenza: mke mkubwa ni ziwa, bi mdogo ni yeye mume.

Tusicheke tukasahau. Picha zake ndizo zilizoonyesha kwamba saa kumi na mbili asubuhi, kwa nusu nzima ya mwaka, ukungu humeza nguzo tano kati ya saba. Safari za vyombo vya majini zikasogezwa hadi saa moja na nusu. Tangu hapo vyombo havijagongana hata mara moja. Kuna watu wanatembea mjini leo bila kujua kwamba wanadaiwa asante na mwanamke mwenye kilemba kilicholowa, maana kilemba chake hukifunikia kamera, kichwa akakiachia umande.

Hapo ndipo uchekeshaji wangu unapokoma.

Miaka ishirini na miwili iliyopita mama yake mzazi alilazwa, naye akaomba ruhusa ya siku tisa. Mimi nilikuwa na miezi minne kazini, bado wa majaribio, mke wangu mjamzito. Katika chumba cha chai nilijigamba kwamba kubonyeza kitufe hakuwezi kumshinda mtu anayekanyaga klachi milimani. Nikapewa kamera.

Jioni nilikwenda zote tisa. Asubuhi sikwenda hata moja. Kulikuwa na baridi, na blanketi ni tamu. Kila jioni nilipiga picha mbili, kwenye daftari, moja nikaiandika jioni na nyingine nikaiandika asubuhi. Nikajiona mjanja wa dunia.

Aliporudi alisafisha filamu kwenye chumba cha giza, kisha akaniita. Asubuhi jua hutoka kushoto kwa jiwe na kivuli cha nguzo hulala kulia. Jioni mambo hugeuka. Vivuli vyangu vyote kumi na minane vilikuwa vimelalia kushoto. Aliniuliza swali moja tu, kama kuna filamu nyingine niliyoisahau kwenye gari. Nikajibu kwamba zote ni hizo. Akamwaga maji ya beseni.

Daftarini alikata maandishi yangu, akaandika "Hakuna picha" mara tisa. Mkuu wa wakati ule akataka kumjua mzembe. Nilikuwa nje ya dirisha nafuta kioo cha gari, nikasikia kwa masikio yangu akijibu kwamba jiwe ni lake. Neno lake moja lingenirudisha nyumbani kwa mke wangu bila kazi. Badala yake akapewa barua ya onyo, na cheo cha mkuu wa kitengo cha picha, ambacho kilikuwa kimeshamfikia mlangoni, akapewa mwingine. Barua hiyo nilimpelekea mimi, nimevaa tai.

Nilinyamaza. Miaka ishirini na miwili nimemwendesha, nimemtania, nimekula kwake. Wiki iliyopita nilikuwa nambebea maboksi ya mezani kwake, moja likapasuka chini. Zikamwagika bahasha tisa. Juu ya kila moja, kwa mwandiko wake, tarehe na maneno haya: "Jioni, picha ya pili. Mkono umetulia." Hakuzitupa picha zangu. Alizipa wakati wake wa kweli, akazihifadhi. Niliokota huku siwezi kumtazama.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wa sasa nikaeleza yote. Barua yangu ya kukiri imewekwa juu ya ile ya onyo katika faili la Mama Ukungu. Najua haimrudishii cheo. Najua pia kwamba niliyepaswa kuambiwa kwaheri zamani ni mimi. Naona haya, na nimeomba yaandikwe hapa ili ninyi mliocheka na mimi mjue mlikuwa mnacheka na nani.

Mrithi wake atafika mwezi ujao. Hadi hapo, asubuhi zote nimeziomba niwe nazo mimi.

Mama Ukungu, tunakushukuru kwa macho uliyotuazima. Tunakutakia afya, wajukuu watundu, na siku nyingi za kuamka jua likiwa limeshafika dirishani. Kesho ukishtuka alfajiri kwa mazoea, geukia upande wa pili ulale. Jiwe lina mtu.