Gavana Abijah Storrow na Mtoto wa Gatini

Marehemu Abijah Storrow, gavana wa tatu wa jimbo letu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1751 hapa Wadding, mtoto wa kwanza wa mzee Reuben Storrow, msaga ngano. Alisoma kwa mchungaji. Kilatini alikijua, haya hakuwahi kuzijua. Asemaye ni mdogo wake, Mehitabel, aliyekula naye sahani moja.

Alipigana vita vya uhuru, akarudi kapteni, na mwaka 1782 akamuoa Dorcas Lyle, ambaye sasa ni marehemu. Aligombea ugavana mwaka 1796. Kura ilipigwa kwa sauti, mgombea ameketi mezani akimshukuru kila mtu. Abijah alimkumbatia hata fundi viatu aliyemnyima kura, uwanja mzima ukaangua kicheko. Tulimpenda, jamani.

Mei 1799 alitia saini sheria: mtoto wa mtumwa atakayezaliwa jimboni humu kuanzia Julai 4 atakuwa huru akitimiza miaka kumi na minane. Kengele zikapigwa. Basi Julai 11, Phillis, mtumwa wake mpishi, akashikwa na uchungu, na huyu mwenye sheria akamburuta hadi gatini ili akajifungulie ng'ambo ya mto, sheria isikofika. Lo! Mkunga Temperance Gedney alimkemea, "Mheshimiwa, huoni mama wa watu anakufa? Mwache alale!"

Akajibu, "Panda mashua, Mama Gedney. Mtoto ni mali yangu."

Kichefuchefu kitupu. Lakini mtoto huyo, Keziah, hakungoja mashua. Alizaliwa palepale, juu ya mbao za gati letu. Abijah akamvusha mto angali na damu ya uzazi, kisha akatangaza kwamba amezaliwa ng'ambo.

Alianza kuvimba miguu Krismasi iliyopita, akafariki Oktoba 2, 1817, akilishwa uji na Keziah huyohuyo. Kesho mwanawe Lemuel anampeleka binti huyo kuuzwa Savannah, huko kusini sheria yetu isikofika. Jana alisema, "Shangazi, soma mazuri tu." Akajibiwa, "Mazuri yanaishia aya ya pili, mwanangu."

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Lemuel, wajukuu wanne, dada yake Mehitabel, Phillis, aliyempikia miaka ishirini na mitano, na Keziah, aliyetimiza kumi na minane Julai hii, mtu huru.

Kaa chini, Lemuel. Jaji aliyebeba jeneza yupo hapa anasikiliza. Mama Gedney, inuka, uape mbele yake mtoto alizaliwa wapi. Abijah atapumzika ukimaliza.