Gunia la Glavu za Mkono Mmoja

Kwa miaka thelathini na minne Sista Nzilani Masila amekuwa akivua watoto wachanga glavu, na Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, saa kumi jioni, anastaafu. Wasomi wa kumwandikia wako wengi hapa hospitalini, lakini mwenye ushahidi ni mmoja: mimi Munyao, dobi, darasa la saba, niliyefika hadi Dubai. Niliona uwanja wa ndege tu, lakini Dubai ni Dubai.

Sista aliingia wodi ya watoto wachanga mwaka 1991 kutoka kwao Muthetheni. Baridi ya Julai ya Machakos mnaijua. Kila susu, yaani nyanya, anayekuja kuona mjukuu huleta glavu alizofuma mwenyewe, nene za kutosha ndama, na kumvisha mtoto hata ule mkono wenye mrija wa dripu. Hapo ndipo vita vilipoanzia. Susu mmoja alimwuliza Sista kama yeye alizaliwa au alichongwa.

Alifundisha wauguzi kwa sauti mpaka sisi wa kufua tukahitimu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake ana ngozi ya ganda la kitunguu na mshipa wa uzi. Mrija ukiwekwa kwenye kiungo, akikunja mkono unahama. Dawa kali hula mshipa. Mrija wa siku nyingi ni mgeni aliyezoea, huanza kuharibu nyumba. Lakini mbaya zaidi ni mkono usioonekana, kwa sababu maji humwagika chini ya ngozi na hakuna anayejua.

Kwa hivyo alitazama kila mkono, kila saa. Tabia ikamwingia damuni. Kwenye harusi ya karani wetu Kavata, alimwendea bibi harusi mara tatu akamvua glavu ya lesi. Mara ya tatu kidole kilikuwa kimevimba kweli, pete ikakatwa kwa koleo, na padri akaomba naye atazamwe.

Kila glavu aliyovua ililetwa kwangu ikiwa na plasta yenye jina la mtoto. Wenyewe waliona haya kuzidai. Niko na gunia: mia tatu na kumi na mbili, zote za mkono mmoja.

Moja ni yangu. Miaka minane iliyopita binti yangu alimzaa Mbithe, kilo moja na robo. Mimi, mtu wa dunia, nilimvisha glavu ya manyoya Sista akiwa amegeuka, nikaketi nikiwasimulia akina mama habari za Dubai. Saa ilipotimia, Sista akaivua. Mkono ulikuwa umevimba, unang'aa, kucha zimepauka. Alifunga dripu, akatoa mrija, akauinua ule mkono na kuushikilia. Niliuliza kama vidole vitapona. Alinitupia glavu nikafue. Niliifua mara nne, na haikuwa chafu.

Vilipona, vyote vitano. Mbithe yuko gredi ya tatu, na hati yake ya mkono inaishinda ya babu yake.

Juzi nilimwuliza Sista anatuachia nani pale mlangoni saa ya kutembelea wagonjwa. Alisema ni mimi, kwa kuwa mwizi ndiye anayejua njia za wizi. Kuanzia Jumatatu, akina susu, mtanipata hapo na gunia langu.

Sista, mwaitu, mama yetu, asante kwa vile vidole. Uishi vyema Muthetheni, ulale bila kutazama saa. Mbithe amekufumia glavu kwa mkono ule ule. Ziko mbili. Vaa zote, hakuna atakayekuvua.