Gari la Abdulrazak Halishiki

Benchi la kona ya Mtaa wa Sikukuu lina miguu mitatu na tofali moja, na limeshatatua matatizo yote ya nchi hii isipokuwa ya wale wanaolikalia. Asubuhi hiyo alikuwepo Filbert, anayeitwa Injinia kwa sababu aliwahi kulinda geti la gereji. Hafidhi, anayeitwa Bandari kwa sababu hushinda huko akikimbiza makaratasi ya mizigo. Na Ramadhan muuza kahawa, ambaye jina lake la utani, Nusu, limetokana na anavyojaza vikombe. Nafasi ya nne ilikuwa wazi. Hiyo ni ya Abdulrazak, dereva teksi, aliyelazwa hospitalini Upanga mwezi mzima na kukatwa mguu wa kushoto chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Leo anaruhusiwa. Mkewe, Zamzam, alisimama kando ya gari jeupe la mumewe, ufunguo mkononi.

— Shemeji Filbert, naomba ukaniendeshee. Daktari kasema aachiwe siti ya nyuma yote, anyooshe mguu. Na mwenyewe kasema hapandi bajaji wala gari la mtu. Nikienda bila gari lake, niliuze leo leo, yeye udereva basi tena.

Filbert akaingia, akaukunja nyuma mguu wa kushoto, maana kwenye gari la otomatiki hauna kazi, akapiga stata. Injini ikazunguka, ikazunguka, ikakataa kushika.

— Betri nzima, alitangaza. Stata nzima. Hapo pampu ya mafuta imekufa.

— Pampu wapi! Hafidhi hakuinuka benchini. Gari limekaa mwezi, panya wamekula nyaya. Mimi nimeona bandarini, gari jipya kabisa, panya kajenga ghorofa ndani.

— Mafuta yapo lakini? aliuliza Ramadhan.

— Nimeweka mwenyewe jana, alisema Zamzam.

— Basi plagi.

Plagi zikafunguliwa, zikafutwa, zikapulizwa, zikarudishwa. Wapi.

— Haya, niwape ukweli, alisema Hafidhi. Gari za siku hizi zina akili. Hilo linajua uzito wa mwenyewe. Abdul ana kilo tisini, wewe Injinia umekaa hapo kama shati kwenye hanga. Linakuona mwizi!

— Uzito kitu gani? Ramadhan aliweka birika chini. Gari limezoea Bismillahi hilo. Abdul hajawahi kugusa ufunguo bila kulisomea. Huyu kalivamia kimya kimya.

Filbert ni Mkatoliki wa Songea, lakini alishafika mahali pa kujaribu lolote.

— Bismillahi, alisema kwa heshima zote, akazungusha ufunguo. Halikushika.

— Umeitamka Kingoni, alisema Ramadhan.

Zamzam akacheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Filbert alimwona, moyo ukamuuma. Alikuwa anabishana habari za plagi ili asiufikirie ule mguu. Mwezi mzima hajaenda Upanga, hata simu hajapiga. Kila siku alisema kesho. Ukweli ni kwamba hakujua angetazama wapi akifika kitandani kwa rafiki yake, na wenzake walikuwa hivyo hivyo.

Ndipo akaja mama mmoja wa Kihindi na vikapu viwili, Mama Utsav wa Upanga, ambaye Abdul humleta sokoni kila Jumamosi.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Mbona mmelizunguka gari kama kuna msiba?

Wakamweleza wote kwa pamoja: pampu, panya, uzito, Kingoni.

— Sawa. Na mwenyewe anasemaje?

Hafidhi akachungulia ndani ya kikombe chake.

— Mwenyewe anaumwa, mama, alisema Filbert.

— Anaumwa mguu. Mdomo mzima. Jana nilimpelekea chakula, akaniuliza kama hili benchi bado lipo.

Filbert akatoa simu. Akampigia Abdul. Akaweka spika.

— Injinia! Nilidhani umekufa.

— Bado, kaka. Nisamehe. Gari linapiga stata, halishiki.

Abdul akacheka kidogo.

— Lina swichi ya wezi. Chini ya zulia, kona ya kushoto. Ukanyage huku unawasha, ndipo pampu inapata umeme. Mwizi wa otomatiki hana habari na mguu wa kushoto. Hata Zamzam nilisahau kumwambia, mguu ulikuwa unafanya wenyewe.

Filbert akakanyaga, akawasha. Injini ikashika palepale. Huko simuni Abdul alikuwa anasikiliza gari lake.

— Limewaka, alisema. Halafu, kwa sauti ya chini: Sasa mimi nitakanyagia nini?

Filbert alishaichelewesha pole, na uongo hakuutaka.

— Swichi tunaihamisha, alisema. Tunaileta mkononi, karibu na usukani.

— Mwizi ataiona! Hafidhi akainuka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Iwekwe mlangoni.

— Mlangoni maji ya mvua, alidakia Ramadhan. Chini ya kiti.

— Chini ya kiti atainamaje, mtu ametoka kushonwa?

— Nyie! Abdul alifoka, na sauti ilikuwa ile ile ya benchini. Gari la nani? Inakaa nyuma ya redio. Na nani kamfundisha Hafidhi mambo ya umeme?

Wakaanza upya, wote wanne. Zamzam aliona mabishano yanakuwa marefu, akakaa mbele na kufunga mlango. Hafidhi akajitupa nyuma bila kukaribishwa. Ramadhan akafuata na birika mapajani, na kapu la vikombe katikati yao.

— Mnakuja wangapi? aliuliza Abdul.

Filbert alitazama benchini. Hapakuwa na mtu.

— Wote, kaka.

Mama Utsav akainama dirishani, akahesabu magoti ya siti ya nyuma.

— Na mgonjwa atanyooshea wapi mguu?

Hafidhi akasogea kidogo, lakini hakuna aliyeshuka.