Mtoto Aliyeogopa Kikombe Changu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na ninyi mnaoninunia kwa bei ya machungwa pale stendi ya Muheza! Leo siuzi kitu. Mimi ni Mama Elia, na nimesimama kusema jinsi Mungu alivyotuokoa, mimi na mwanangu, kutoka katika mikono yangu mwenyewe.

Elia alizaliwa na moyo wenye tatizo na koo lisilojua kumeza. Akinyonya kidogo anakohoa, midomo inageuka rangi. Tukawa watu wa wodini kila mara, homa ya mapafu haimwachi. Wenzake wakakimbia, wangu hata kukaa hajakaa. Watu wanamtazama yeye, halafu wananitazama mimi. Yale macho, ndugu zangu!

Daktari alisema awekewe mpira tumboni, chakula kipitie huko. Nikakataa katakata. Niliona nikikubali nitakuwa nimetangaza kwamba mimi ni mama nisiyeweza kulisha mwanangu. Mama mkwe wangu, mama wa Kishambaa mwenye upendo mwingi na sauti kubwa, akaniunga mkono: "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mtoto analishwa, Mama Elia!"

Basi nikamlisha. Nikamlaza mapajani, nikambana pua, nikamimina uji. Wengi wetu hapa tulikuzwa hivyo hivyo, na hakuna aliyetutakia mabaya. Akijitupa, namkaza. Na huku naomba kwa sauti, "Yesu, ameze!" Ole wangu! Nilimwita Bwana huku nikimtesa mtoto aliyenipa.

Asubuhi moja nilichukua kikombe cha bati ninywe chai. Chai yangu mwenyewe! Elia alipokiona tu akaanza kutetemeka, akageuzia uso ukutani. Mwanangu alikuwa ananiogopa. Mimi sikuchelea mwana kulia, ndugu zangu, na bado nililia.

Siku ile ile kifua kikambana tena, tukakimbilia hospitali. Nesi mmoja akanishika bega, akasema, "Mama Elia, huyu mtoto si mkaidi. Uji unamwingia kwenye mapafu. Kwake kumeza ni kama kuzama."

Nikapiga magoti pale pale kando ya kitanda. Sikumwomba Mungu Elia aweze kula. Nilimwomba anirudishie mwanangu, hata kama hatalishwa kwa kikombe changu maisha yake yote. Nilipoinuka, moyo ulikuwa umetulia, na ile aibu sikuiona tena. Alipopata nafuu nikamwambia daktari amwekee huo mpira.

Mungu ni mwema! Leo Elia ana mashavu, anakaa, anacheka. Lakini sitawadanganya hapa madhabahuni: dawa za moyo bado anapewa kwa mpira, na uji unapita huko huko. Na ile miezi ya kikombe hairudi. Ninaijuta mpaka leo. Mama mkwe naye anajuta, wala hatulaumiani. Yeye anashika mpira, mimi namimina taratibu.

Jumamosi nilikuwa namenya chungwa, Elia yupo mapajani. Akachukua kipande, akakileta mdomoni mwangu. Nikafungua mdomo. Akasubiri, akinitazama koo, mpaka nimeze, ndipo akaleta kingine. Hakuniharakisha. Hakunibana pua, ndugu zangu! Machozi yalinitoka mpaka chungwa likawa na chumvi.

Asante, Yesu! Asante kwa mtoto aliyenisamehe kabla sijajua kumwomba msamaha. Na wewe mzazi unayemfungia mwanao ndani kwa aibu, mtumaini Bwana, umsikilize na daktari, kisha umlete mtoto kanisani na mpira wake. Njoo ukae benchi letu, mimi na Elia. Akitokea mtu wa kukuuliza kwa nini mtoto hali kwa mdomo, niachie mimi nimjibu. Mnanijua.