Gavin Mathieson na Ukuta wa Namba Tisa

Marehemu Gavin Mathieson alizaliwa tarehe 3 Machi 1948 mjini Inverlathan, kwenye uchochoro ulio nyuma ya Safu ya Rosebank, mtoto wa kwanza wa mwashi Dod Mathieson na Bi Chrissie. Mimi, Ishbel, ndiye mdogo wake. Tulikua tukiziona zile nyumba tisa zilizoungana kwa upande wa mgongo, mabomba na mapipa ya taka. Upande wa bahari, wenye nguzo na madirisha marefu, ulikuwa wa wakubwa.

Alisoma hapa hapa. Siku moja mwalimu aliwaambia wachore nyumba. Gavin akachora mawe, mstari juu ya mstari, bila mlango. "Watu wataingilia wapi, Gavin?" "Bado sijafika huko, mwalimu." Mwaka 1963, akiwa na miaka kumi na mitano, aliacha shule akajifunza uashi kwa baba.

Mwaka 1972 wenye nyumba za Rosebank walimpa kazi yake kubwa ya kwanza. Chokaa ya mwaka 1826 ilikuwa imelika katikati ya mawe, na unyevu ulikuwa unaingia. Baba alimkanya mbele yangu: "Mawe haya ni laini, mwanangu. Chokaa inayaacha yapumue. Ukiyaziba kwa saruji, maji yatakaa humo humo yayale."

"Ah, baba na mambo yako ya kale!"

Akaziba ukuta wote wa mbele kwa saruji, namba moja mpaka tisa, umenyooka kama uliopigiwa rula. Mji mzima ukamsifu. Sifa zile ndizo zilizomponza.

Tarehe 14 Juni 1975 alimwoa Netta Cargill, binti wa muuza samaki, mwanamke wa maneno na vicheko. Mungu akawajalia Rhona.

Tarehe 11 Januari 1993, jiwe la ukingo wa juu wa namba tisa lilikatika likamwangukia Bi Jessie Lumsden mlangoni pake, ameinama kuokota chupa ya maziwa. Alikufa papo hapo. Wakaguzi waliandika kwamba ni barafu. Gavin alivaa suti akaenda kwa mumewe, Wattie.

"Si barafu, Wattie. Ni saruji yangu."

Wattie akafunga mlango.

Tangu siku hiyo kaka yangu hakucheka tena sawasawa. Alianza kuichokonoa saruji yake kwa nyundo na patasi, maana mashine ingeyaumiza mawe, na kurudishia chokaa. Chokaa haitaki baridi kali, kwa hiyo alifanya kazi Mei hadi Septemba, mwaka baada ya mwaka. Namba nane aliimaliza mwaka 2015. Namba tisa, Wattie alikataa katakata. "Huugusi, Gavin. Ubaki hivyo hivyo, kila mtu auone." Nilisema Wattie ana roho mbaya, Gavin akanigombeza: "Nyamaza, Ishbel. Ana haki." Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Netta alitutoka mwaka 2017. Mwaka uliofuata Gavin akaanza kukohoa. Vumbi la miaka yote ile lilikuwa limemkaa mapafuni. Aliaga dunia hospitalini tarehe 9 Februari 2024, Rhona akiwa amemshika mkono.

Sasa jambo la kamba. Jeneza tunalishusha kwa kamba nane, na namba moja, ya kichwani, ni ya mtoto wa marehemu. Gavin aliandika kwa mkono wake: namba moja, Wattie Lumsden. Rhona alilia. "Shangazi, hiyo ni nafasi yangu!" Hata hivyo, kadi ya kumwomba Wattie aishike kamba hiyo aliipeleka yeye mwenyewe.

Juzi Wattie alikuja kwangu. Hakukaa, na chai hakuitaka.

"Nitaishika. Ila usije ukasoma pale makaburini kwamba nimesamehe."

"Nisome nini basi, Wattie?"

"Soma kwamba nimekuja."

Marehemu ameacha binti yake Rhona, mjukuu wake Struan, na mimi dada yake. Kamba namba moja inashikwa na Bwana Walter Lumsden, Wattie wetu, wa Rosebank namba tisa. Hajasamehe. Amekuja.

Mungu ampe Gavin pumziko ambalo mwenyewe alijinyima.