Mzee Hassani Mtalika Anaondoka na Penalti Yake

Miaka ishirini na moja ya gatini inafika mwisho tarehe 30 Juni 1974, siku ambayo Mzee Hassani Mtalika anakabidhi kofia ya kazi stoo na kuwa mtu wa nyumbani kwake. Jumamosi tutakunywa chai na maandazi ghala namba mbili. Mechi ya kumuaga haitakuwepo. Wengi mmeuliza kwa nini, na kwa kuwa ukurasa huu wa gazeti letu la gatini nimepewa mimi, nitasema. Nikiandika tu kwamba mzee alikuwa mchapakazi halafu nikaweka nukta, nitakuwa nimeandika habari za mtu mwingine.

Alikuja kutoka Masasi mwaka 1953, gati bado jipya, akaanza kwa kubeba magunia. Baadaye akawa mtoa ishara, yule anayesimama ukingoni mwa tundu la meli kumwongoza mtu wa winchi ambaye haoni kinachoendelea chini. Wenzake walitumia mikono. Yeye alitumia mikono na filimbi. Hata winchi zikiunguruma namna gani, filimbi yake ilisikika mpaka mtaa wa Shangani, na wake wa huko walikuwa wakisema ndiyo inayowaamshia watoto.

Tabia yake ilikuwa moja: akiona, anapuliza. Hangoji kuuliza ni mzigo wa nani. Mwaka 1961 wavu wa korosho ukiwa juu, aliona kamba imeanza kuchanika, akapuliza, vijana wakaruka pembeni. Magunia yaliangukia palepale walipokuwa wamesimama. Nyapara akamgombeza kwa hasara. Mzee Hassani akamjibu, "Korosho zinaokoteka, bwana."

Filimbi hiyohiyo aliivaa jioni uwanjani. Urefa aliusomea, akafaulu, na kwa miaka mingi hapa mkoani mechi ngumu zote zilikuwa zake. Aliwahi kumtoa nje shemeji yake mwenyewe kwa kumtukana mshika kibendera. Shemeji hakukanyaga kwake mpaka Idi, na hata hiyo Idi alikula pilau bila kusema neno.

Sasa fainali ya Kombe la Mkoa, mwaka 1968. Bandari yetu na Nyota ya Mikindani. Msiniulize ilikuwaje mtu wa Bandari achezeshe Bandari. Refa aliyepangwa alikuwa anatoka Lindi, mvua ikamkwamisha njiani, na Mikindani wenyewe ndio waliosema, "Hassani apulize, huyu tunamjua."

Bao moja kwa moja, watu wanangoja tu dakika za nyongeza. Ikaja krosi. Beki wetu wa kati, Fernando, kijana wa Kimakonde aliyezaliwa ng'ambo ya Ruvuma, akaruka pamoja na mshambuliaji wao. Mpira ukamgusa, bega au mkono, Mungu anajua. Filimbi. Mzee Hassani anaonyesha kwa kidole mahali pa penalti, na wachezaji wetu wamemzunguka kama siafu, wenzake wa kazini hao, watu atakaokutana nao kesho asubuhi. Hakurudi nyuma hata hatua. Mikindani wakapiga, wakafunga, kombe likapanda lori na kuondoka.

Iliuma. Lakini ilituachia kitu cha kuzungumza. Kila asubuhi kwa Bi. Fatuma, muuza uji nje ya geti, kesi ilifunguliwa upya.

"Mkono alikuwa ameutanua."

"Ulitaka mtu aruke kajifunga kama maiti?"

"Mimi nasema mkono ndio uliofuata mpira."

"Mpira ndio uliofuata mkono. Sasa mkono angeuweka wapi?"

"Angeuacha nyumbani kwao."

Bi. Fatuma akatishia kubandika tangazo kwamba uji ruksa, penalti marufuku. Fernando akiulizwa anasema, "Muulizeni refa." Mzee Hassani, kabeba bakuli lake palepale katikati yetu, anasema, "Mimi nilipuliza nilichoona. Semeni na nyinyi mlichoona." Anakunywa. Nani angemchukia mtu kama huyo?

Kilichomharibia si penalti. Kilichomharibia ni utani.

Mtu wa winchi aliyefanya naye kazi miaka yote ni Mathayo Ngonyani, Mngoni wa Songea, na Mzee Hassani ni Myao. Mnajua wenyewe. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, wakawaachia wajukuu ruhusa ya kutukanana na kucheka. Gati zima lilianza kazi kwa kuwasikiliza hao wawili.

"Myao, leo umenawa uso, au nishushe mzigo kwa kukisia?"

"Shusha tu, Mngoni. Babu yako naye alirusha mikuki kwa kukisia, ndiyo maana mimi nipo."

Mwezi mmoja baada ya fainali, Mzee Hassani alifiwa na kaka yake pale Chikongola. Mathayo alikwenda kufanya kazi ya mtani, maana msiba wa Myao bila Mngoni wa kuuvuruga haujakamilika. Alilala mlangoni jeneza lisipite. Alivaa kanzu ya marehemu. Halafu akasimama mbele ya waombolezaji akasema, "Msimlilie huyu, huyu kapumzika. Mlilieni mbuzi wa Mikindani. Hassani kapewa mbuzi mzima kwa penalti ile, kamla peke yake usiku, hata mfupa hakunitupia mtani wake."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mjane alicheka. Mzee Hassani mwenyewe, macho mekundu kwa kulia, alicheka. Hiyo ndiyo dawa, na Mathayo aliitoa vizuri.

Lakini walikuwepo mabwana wawili wa kamati ya mpira, watu wa maofisini waliohamishiwa kwetu kutoka mbali, waliokuja kutoa rambirambi kwa heshima zao zote. Kwao huenda wana watani wao na namna yao. Hawa hawakucheka. Walitazamana.

Wiki iliyofuata Mzee Hassani aliitwa mbele ya kamati. Katibu akamuuliza, "Ndugu Hassani, ni kweli ulikula mbuzi wa Mikindani?"

Akatabasamu. "Mtani wangu akisema nimekula, basi nimeshiba."

Katibu akaandika kwamba amekiri.

Mzee alirudi kazini akidhani wamemaliza. Tulipomuuliza kwa nini hakukataa palepale, alishangaa kama tumemuuliza kwa nini anavaa nguo. Maneno ya mtani msibani hayakanushwi, alisema. Ukiyakanusha umemfukuza mtani kwenye msiba wako, na maiti wako umemzika peke yako. Kwa hiyo alijibu kama baba yake angejibu, na kama baba wa baba yake. Kwa jibu hilo akafungiwa urefa, kamati haikusema mpaka lini.

Mathayo aliposikia alikwenda mwenyewe. Alivaa koti la Jumapili, akavuka mji kwa miguu, na waliomwona wanasema ndiyo mara ya kwanza kumwona hachekeshi mtu. Akawaambia hapakuwa na mbuzi, mbuzi alimtunga yeye, palepale mlangoni, kanzu ikiwa inambana. Katibu akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kama msibani ulidanganya, tutajuaje kwamba hapa hudanganyi?"

Sasa niambieni mtu anajibu nini hapo.  Mathayo alirudi kupanda winchi yake.

Toka siku hiyo mambo yalipoa, nayo yakapoa vibaya. Mzee Hassani aliacha kupuliza hata gatini. Alitoa ishara kwa mikono tu, kama wengine. Kwa Bi. Fatuma ubishi ukafa, maana ukisema ilikuwa penalti halali, kuna mpumbavu mmoja atakuuliza, "Na wewe uligawiwa paja?" Kitu tulichokuwa tunakibishania kwa raha kikageuka kesi, na kesi hainywewi na uji. Mwaka 1970 Fernando alivuka Ruvuma kwenda vitani, kupigania nchi yao. Hatujapata habari zake. Mkono wake ulikuwa wapi, anajua yeye.

Na Mathayo aliacha kutania. Mzee Hassani alijaribu kumchokoza. Asubuhi moja, meli imejaa, sote tunasikia, alimpazia sauti kule juu: "Mngoni, mbona kimya, mkuki umepotea?"

Mathayo akainama kidogo kutoka kwenye winchi. Akasema, "Shikamoo, mzee."

Mngoni kumwamkia Myao shikamoo. Watu waliacha magunia wakatazama chini. Mzee Hassani aliitikia marahaba, na tangu hapo, miaka yote mpaka leo, hao wawili wameshusha mizigo kwa adabu kama watu waliokutana jana. Kazi ilikwenda vizuri. Hakuna aliyeumia. Lakini gati lilikuwa kimya, na nyinyi mlioajiriwa baadaye mnadhani ndivyo lilivyo.

Mwezi uliopita tulipeleka ombi kwa kamati. Tulitaka mechi ya kumuaga, sisi na Mikindani, naye apulize. Mechi moja. Jibu likarudi kwamba inawezekana, ila kwanza mhusika aombe msamaha. Tulimpelekea jibu hilo tukijua tunabeba nini. Alikuwa anakunja kamba. Akasema, "Niombe msamaha wa mbuzi yupi? Nikiomba tu, mbuzi amezaliwa." Akaendelea kukunja. Tukamwambia basi awe mgeni rasmi, apige mpira wa kwanza, akae kivulini. Akasema asante, akakataa. Ndiyo sababu Jumamosi ni chai.

Jumatatu atapanda basi la Masasi. Huko nako hadithi ilishatangulia. Alipokwenda likizo mwaka jana, watoto wa mtaani walilia kama mbuzi alipopita.

Mimi fainali ile nilikuwa nyuma ya goli letu, karibu kuliko kamati yote. Nasema mpaka leo mpira ndio uliofuata mkono. Haikuwa penalti. Mzee Hassani alikosea, alitunyima kombe, na kama atataka nitabishana naye kwa barua mpaka mmoja wetu afe. Lakini alikosea kwa macho yake mwenyewe. Hakuna mtu wa Mikindani aliyemnunulia macho. Mbuzi hakuwepo. Wafanyakazi wa gati, waliosema ni penalti na waliosema si penalti, wamekubaliana jambo hili moja tu, na wameniambia niliandike hapa kwa kuwa kwingine hatukusikilizwa.

Mathayo amesema Jumamosi atakuja. Nilimuuliza atamwambia nini mtani wake. Akasema hajui.

Mzee Hassani, asante kwa miaka yako, na kwa wale walio hai kwa sababu uliona kamba kabla yao. Tunakuombea magoti yasiyouma, mikorosho inayozaa, na jirani mmoja Mngoni ambaye hatakuamkia shikamoo.