Kumuaga Afande Omara Pasipo Picha

Mheshimiwa Chifu wa Gombolola. Afande Omara, ambaye kwa ajili yako fahali amechinjwa. Mama Amony, mkewe. Askari na jamaa zenu mliotoka kambini. Ndugu zetu wafanyabiashara mliovuka mto kutoka upande wa Beni na Butembo. Mabibi na mabwana, wenyeji wa Bwera:

Mimi ni Semu Thembo, mpiga picha wa Kasese, nisafiriye kwa baiskeli. Kiswahili sikukipata darasani; nilijifunza mwenyewe, kwa hiyo nakitunza kama mtu atunzavyo shati lake moja jeupe. Naomba nisikatizwe.

Juzi Bibi Bulandina wa kamati ya sherehe alinijia, akasema, "Semu, utatupigia picha ya kumuaga Afande. Yeye katikati, mlima nyuma."

Nikamuuliza, "Nitapiga kwa kidole?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Je, ni nani katika hadhara hii asiyejua kwamba kamera yangu imo katika kituo cha askari, ndani ya kabati la chuma la mgeni wetu wa heshima, na kwamba ufunguo wa kabati hilo unaning'inia, hivi ninavyosema, kwenye mshipi wake?

Kwa faida ya wageni, nitaeleza. Nimepiga picha za mashamba ya Mubuku maji yakiwaka kwa jua, nimepiga mitumbwi ya Kahendero, nimesukuma baiskeli hadi juu ya Bulembia ambako hata mbuzi hupumzika. Lakini picha niliyoitamani ni moja: theluji ya juu na bonde la chini, pamoja, pasipo wingu. Nanyi mnaujua mlima wetu. Ukisikia kamera, hujifunika kama mdaiwa aliyesikia hodi.

Kiangazi kilichopita, nikiwa na rafiki yangu Célestin, muuza vitenge wa Butembo, nilifika kwenye kilima kile cha juu ya soko. Mawingu yakafunguka. Nikapiga. Nilikuwa nikiifunga stendi ya miguu mitatu kwenye fremu ya baiskeli, kwa mpira wa tyubu, Afande alipotokea na askari wake.

"Simama! Wewe napiga nini hapa?"

Nilimjibu kwa adabu, "Ninapiga mlima na bonde, Afande. Tena sarufi yadai 'unapiga', siyo 'napiga'."

"Nani alituma wewe piga mlima?"

Hapo Célestin, kwa wema wake wote, akaingilia: "Afande, uyu mutu hana mubaya! Iko napiga milima tu. Leo anapiga ya Uganda, kesho atapiga ya Kongo!"

Afande aliitazama stendi, akaitazama kamera. "Iko na ngapi ndani?"

"Zimebaki saba," nilisema, nikimaanisha picha. Papo hapo kamera ikachukuliwa.

Ndugu zangu, mnacheka. Huko kambini neno "kupiga" lina kazi moja tu, nayo huanza na risasi. Lakini je, sisi raia hatupigi pasi? Hatupigi magoti kanisani? Hatupigi chafya? Ni nani aliyewahi kunyang'anywa pua yake kwa sababu ya kupiga chafya?

Nitakuwa mwenye haki. Afande Omara ni mtu safi. Hakuomba kitu, wala hakunipiga, jambo ambalo, nikilizingatia neno lenyewe, nalishukuru. Wezi walipovunja maduka ya barabarani, kamera yangu haikutikisika. Hakuna kamera nchini inayolala salama kama yangu! Ila sikuinunua ili ilale. Kila nilipopanda baiskeli kuja kuidai, nilijibiwa, "Bado nachunguza, mzee. Kuja kesho." Nikaja kesho. Kesho ikanituma kesho nyingine. Mlima gani duniani huchunguzwa hivyo, na ulikuwa pale pale, mbele ya dirisha la kituo?

Sasa kesho ya kweli imefika. Alfajiri ijayo Afande anapanda lori kurudi kwao Gulu kwa kazi mpya, na ufunguo utakabidhiwa mtu nisiyemjua. Je, nianze upya kumfundisha huyo naye kitenzi? Na filamu ile, yenye theluji yangu ya pekee, joto la kabati la chuma litaisubiri hadi tuelewane?

Tafadhali geukeni. Ndiyo, nyuma yenu. Mchana kweupe, vilele vyote wazi, hata kitambaa cha wingu hakuna. Mheshimiwa Chifu, hata wewe umesimama.

Namsikia Afande akimnong'oneza mkewe, "Huyu mutu nasema mingi." Naam, ninasema mengi, kwa kuwa machache nilikwisha kuyasema mlangoni pa kituo. Nami namsikia Mama Amony akimjibu, "Si umpe tu, baba? Mimi nataka picha."

Mama, Mungu akuzidishie.

Afande, sasa nasema kwa Kiswahili chako, kifupi: fungua kabati, leta kamera. Nawe utakwenda Gulu ukiwa na mlima wetu nyuma ya bega lako, uwaonyeshe watu wako ni kitu gani nilichokuwa nakipiga.

Naona mkono umeshika mshipi. Naona askari anakimbia na ufunguo. Basi jipangeni, warefu nyuma, kwa maana leo nitawapiga wote, nikianza na Mheshimiwa Chifu.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa nipeni nyuso, upesi, kabla wingu halijarudi.